Mafua ya Albamu ya Pili

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikwenda kufungia karanga kabla hujalimaliza, pole. Nitakusogezea kwa ufupi, maana ya leo ni mazito.

Naitwa Gordon Pasek. Mimi ni mpiga kinanda wa bendi ya Satin Hyena ya hapa Los Angeles, yaani Fisi wa Hariri. Aliyetuchagulia jina hilo alimwona fisi kwenye kalenda akampenda.

Wewe hujawahi kuniona. Hata waliolipa kiingilio hawajaniona. Muziki wa roki wa aina yetu una miiko yake. Mwanamume anaweza kupaka rangi ya mdomo, akavaa suruali ya kubana yenye madoa ya chui, akapuliza nywele zikasimama mpaka darini, na bado watu wakamwita dume. Lakini akionekana na kinanda, heshima imekwisha. Kwa hiyo mimi nilipiga nikiwa nyuma ya pazia jeusi, pembeni ya kreti za maji. Hakuna onyesho lililopita bila mtu kulifunua pazia hilo akidhani ni choo.

Albamu yetu ya kwanza iliuzika kwa sababu ya wimbo mmoja wa polepole. Wimbo ule niliutunga mimi. Kwenye jalada jina langu halimo. Mama yangu kule Bakersfield aliinunua, akavaa miwani, akalisoma jalada lote mpaka anwani ya kiwanda, kisha akanipigia simu kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeanza kutumia dawa za kulevya.

Mwimbaji wetu, ambaye mashabiki wanamjua kama Jett Valentine, jina lake la kuzaliwa ni Darrell Hupp, na amemwoa dada yangu Corinne. Aliniapia mbele ya Corinne: "Shemeji, albamu ya pili jina lako litakuwemo. Nikikudanganya, nywele zinitoke."

Nilimwamini. Kwa mtu wa fani yetu hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho.

Wiki iliyopita niliishia mlangoni kwa Glenn Ostrow, mtu wa kampuni ya rekodi, ambaye alikuwa ametuita sote kuzungumzia hiyo albamu ya pili.

Tukaingia. Glenn alikuwa amekata nywele. Hapo tu nilipaswa kujua.

"Vijana, mambo yamebadilika," alisema. "Kule kaskazini, Seattle, kuna watoto wanavaa mashati ya drafti, wanatazama sakafu, na sidhani kama wanaoga. Redio zote zinawataka hao. Watu sasa hivi wanataka huzuni."

"Huzuni tunayo," Darrell akadakia. "Tuna wimbo wa huzuni kuhusu pikipiki."

"Imefanyaje?"

"Imeibwa."

"Nataka huzuni ya kweli, Darrell."

"Ilikuwa pikipiki ya kweli."

Glenn akavuta pumzi, akaanza kutoa amri. Rangi ya mdomo na wanja vitoke. Spreyi ya nywele itoke. Gitaa kulia peke yake wimbo mzima huku wengine wanasubiri, nako kutoke. Kip Lozano, mpiga gitaa wetu, akashika kifua.

"Na kinanda kitoke. Nisisikie hata noti moja. Kwanza nani anapiga kinanda kwenye bendi yenu?"

Wote wakatazama dari. Nami nikalitazama, halikuwa na kitu.

"Hakuna hasa," Darrell akasema.

Glenn akanigeukia. "Wewe dereva, hebu tuletee kahawa."

Nikaenda. Yake niliijaza sukari mpaka kijiko kikasimama. Ndicho kisasi nilichokuwa nacho siku ile.

"Hakuna hasa?" nilimwuliza Darrell tuliporudi kwenye gari, ambalo ni kweli huwa naliendesha mimi.

"Shemeji, nilichanganyikiwa. Ulitaka niseme nini mbele ya mtu aliyekata nywele?"

"Ungesema Gordon."

"Nitasema. Kila jambo na wakati wake."

Tukaingia studio kutafuta huzuni. Tuliipata kwa shida. Kip alikaa kutwa nzima akijaribu kukumbuka jambo lililowahi kumuumiza, akakumbuka jino, akatunga wimbo wa jino. Mpiga ngoma wetu alisema yeye kwao walilelewa vizuri.

Mwisho nikatunga mimi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimetazama migongo yao kutoka gizani, na ukitazama mgongo wa mwenzako muda mrefu, wakati yeye anashangiliwa kwa wimbo wako, maneno ya uchungu yanakuja yenyewe bila kuitwa.

Kip alizisoma nyimbo zangu, macho yakamtoka. "Kaka, hizi zinatisha. Huu mgongo unaosemwa humu ni wa nani?"

"Wako."

"Ahaa. Nzuri sana."

Sasa kuna utaratibu mmoja wa studio lazima uujue, kwa kuwa ndio ulioniponza. Magitaa na ngoma hurekodiwa kwanza, mwimbaji huja mwisho. Lakini wapigaji wakipiga bila kusikia maneno wanapotea njia. Kwa hiyo mtu yeyote aliye karibu huimba sauti ya kuwaongozea tu, ya ovyoovyo, na baadaye inafutwa.

Darrell alikuwa analinda koo lake. Alijifunga taulo shingoni, akanywa asali, na akitaka chumvi anaonyesha kwa kidole. Basi sauti ya kuwaongoza nikaimba mimi. Na wiki hiyo nilikuwa na mafua, mafua ya kweli, yamenifunga pua zote mbili na sauti imeshuka mpaka tumboni.

Tulipopumzika nikatoka kwenda kununua vidonge vya koo. Niliporudi nilikuta Glenn amekuja bila taarifa. Doreen, mama wa makamo ambaye ndiye fundi wa sauti, alikuwa amemwekea tepu. Glenn alikuwa amemkumbatia Darrell.

"Ndiyo yenyewe hii!" alikuwa anapiga kelele. "Darrell, sauti hii ulikuwa umeificha wapi? Nasikia mtu aliyechapwa na maisha! Nasikia mtu ambaye hana nguvu hata za kutoka kitandani!"

Mtu huyo ni mimi, nilikuwa nimesimama mlangoni na vidonge vyangu mkononi.

Darrell alinitazama mimi, kisha akamtazama Glenn.

"Nilikuwa nimeificha ndani," akasema.

Doreen akawasha sigara. Doreen haongei asipoulizwa, na hakuna aliyemwuliza.

"Ziimbe zote hivihivi," Glenn akasema. "Ukiniletea moja tu yenye zile kelele zako za juu, bendi nimeivunja."

Alipoondoka, Darrell akapiga magoti mbele yangu. Kwa suruali aliyovaa kazi hiyo ilichukua muda, na mimi nikasubiri.

"Shemeji, imba wewe. Mimi kwenye video nitafungua mdomo."

"Na jina langu?"

"Litaandikwa! Gordon Pasek, kinanda."

"Albamu haina kinanda."

Akafikiri.

"Basi niandikwe mwimbaji," nikasema.

"Shemeji, mwimbaji si ni mimi?"

"Unaimba wapi?"

"Usinifanyie hivyo. Tutakuweka kwenye shukrani. Wa kwanza kabisa, hata kabla ya Mungu."

"Mungu asisogezwe kwa ajili yangu. Niweke wa pili."

"Wa pili! Umekwisha kuwa wa pili!" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Corinne ana mimba, shemeji. Albamu hii ikifutwa mimi narudi Ohio kuuza magodoro na baba. Unamjua baba."

Namjua baba yake. Nikakubali. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na wa pili baada ya Mungu si mahali pabaya.

Tukaanza. Darrell akikaa kwenye kochi, mimi nikiimba na kupenga kamasi kwa zamu. Albamu ilikuwa inapendeza. Tulipofika nusu yake, nikaamka asubuhi moja pua zote mbili zimefunguka.

Nilikuwa nimepona. Sijawahi kusikitishwa na afya namna ile.

Nikaingia kwenye chumba cha kuimbia, nikafungua mdomo, ikatoka sauti yangu ya siku zote, safi, laini, ya kijana wa kwaya. Doreen akasimamisha tepu.

"Na huyu sasa ni nani?" akauliza. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Bendi nzima ikaanza kunitafutia mafua.

Los Angeles ni mji mbaya kwa mwenye shida hiyo. Jua linawaka kila siku bila haya. Kip akasema dawa ni barafu. Wakanipeleka kwa Darrell, wakajaza bafu barafu, wakaniketisha humo na chupi, wakanilowesha kichwa, kisha wakanielekezea vikaushio vya nywele vikiwa vimewekwa upande wa baridi. Vikaushio tulikuwa navyo vingi kuliko magitaa.

Corinne akafungua mlango akiwa na tumbo lake.

"Mnafanya nini?"

"Tunatafuta mafua," Kip akajibu.

"Ya nani?"

"Ya Gordon. Ni kwa ajili ya albamu."

Dada yangu alitutazama mmoja mmoja. "Darrell, toka nje. Kip, toka nje, na hicho kikaushio ni changu, kiache hapo."

Walipotoka akakaa kwenye ukingo wa bafu.

"Haya, mwana wa mama yangu. Wewe katika hili unapata nini?"

"Jina langu," nikasema, meno yakigongana. "Kwenye shukrani. Baada ya Mungu."

"Gordon, umekaa nyuma ya pazia mpaka umekuwa pazia. Ulimpa wimbo, leo unampa koo. Kesho akitaka figo utalala chali? Nenda kamwambie yule mtu wa kampuni ukweli."

"Na mumeo je?"

"Mume wangu ni mtu mzima, ana mikono miwili. Atafanya kazi kama wanaume wengine."

"Unasema kweli, Corinne?"

"Nasema kweli. Sasa toka humo, nimebanwa na mkojo."

Maneno yake yaliniingia. Nilimwahidi kwamba nitasema, nikajiambia nitasema kesho, na kesho yake Kip akaja kunichukua akasema amenipatia mafua.

Yalikuwa kwa dada yake, upande wa Van Nuys, kwenye sherehe ya watoto. Mwenye mafua alikuwa mpwa wake, anaitwa Marisol, mtoto mdogo mwenye gauni la waridi na pua zinazotiririka. Nilikaa naye meza moja. Akalamba aiskrimu yake, akapiga chafya juu yake, na mimi nikaomba nimmalizie. Nikaimaliza yote. Mtoto akaangua kilio.

"Nyamaza, mama," Kip akambembeleza. "Anko yuko kazini."

Mafua yalifika, na yalifika na jamaa zake: kikohozi, homa, mifupa kuuma. Darrell aliponisikia nikikohoa kwenye simu alimshukuru Mungu kwa sauti.

Asubuhi hiyohiyo tukaenda studio kumaliza nyimbo zilizobaki kabla sijapona tena. Doreen akazima taa za chumba changu. Nikafumba macho, nikaimba. Niliimba moja baada ya nyingine bila kusimama, na nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kuimba vile. Kila kitu nilichokuwa nimekimeza nyuma ya lile pazia kilitoka. Nikaumaliza ule wa mwisho.

Nikafumbua macho.

Upande wa pili wa kioo alikuwa amesimama Glenn na wageni wawili wa redio. Alikuwa amewaleta wamwone Darrell akiimba. Darrell alikuwa kwenye kochi, mdomo umejaa donati, na ile iliyoitwa sauti yake ndiyo kwanza inanyamaza kwenye spika.

Darrell hakutafuna wala hakumeza.

Doreen akanifungulia mlango nikatoka. Wakati huohuo Corinne akaingia kwa mlango wa nje na sufuria ya supu ya kuku aliyonipikia, akaona nyuso zetu, akasimama palepale.

Glenn alinijia mpaka karibu. "Wewe," akasema. "Unaitwa nani?"

Swali hilo nililisubiri tangu nijiunge na bendi. Nilikuwa na jibu. Nikafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Nikajaribu tena, ikatoka hewa. Mafua niliyoyatafuta kwa udi na uvumba yalikuwa yamekula sauti yote.

"Anaitwa nani huyu?" Glenn akamwuliza Darrell.

Kip akatazama dari. Mpiga ngoma akatazama dari. Darrell angelitazama pia nisingemlaumu, nilikuwa nimeshazoea.

Darrell akameza donati. Akajifuta sukari mdomoni.

"Anaitwa Gordon Pasek," akasema. "Kinanda anapiga yeye, Glenn. Ule wimbo wa polepole uliotupa jina ni wake. Hizi zote ni zake, maneno na sauti. Mimi nilikuwa nakaa hapa nakula." Alikuwa amekatazwa wanja lakini alijipaka kidogo, na sasa ulikuwa unashuka mashavuni. "Nilipaswa kusema zamani."

Nililia. Kwa yale mafua hakuna aliyegundua.

Glenn akaenda kona na wageni wake, wakanong'ona. Nilijua tumekwisha. Nilishaanza kufikiria jinsi ya kumwomba baba yake Darrell aniajiri nami kwenye magodoro.

Glenn akarudi anatabasamu.

"Gordon Pasek," akasema polepole, kama anayeonja chakula. "Jina baya. Halina mng'aro hata kidogo. Ndilo wanalolitaka sasa hivi." Akawageukia wageni, nao wakakubali kwa vichwa. "Albamu inatoka kwa jina lako. Mbele ya jalada, herufi kubwa. Na sura yako hivyohivyo, usichane nywele, usifute hiyo pua. Wapigaji wanabaki nyuma yako. Darrell, asante sana kwa yote uliyofanya. Kusanya vitu vyako."

Nikamwonyesha Darrell kwa kidole, kisha nikajionyesha mwenyewe. Sote wawili.

"Hapana," Glenn akasema. "Yeye akibaki, watu wataona rangi ya mdomo hata asipopaka. Ni wewe, au albamu hakuna na bendi hakuna. Wageni wangu wanaenda kula. Nipe mkono au niage."

Akaninyooshea mkono.

"Shemeji, mpe," Darrell akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ningempa."

"Gordon, usithubutu," Corinne akasema.

Nikamgeukia. Sikuwa na sauti, lakini dada yangu ananisoma uso tangu utotoni.

"Najua nilichosema bafuni," akasema. "Nilisema nikiwa na mume mwenye kazi. Sasa nakwambia lingine. Ukiushika mkono huo, usije kunitazama nikijifungua." Sufuria ilikuwa imeinama mikononi mwake, supu inamwagika kwenye zulia. "Umesikia? Mwanangu hatakula jina lako."

Ningependa kukwambia kwamba nilisimama pale nikapima, huku damu yangu na huku jina langu. Sikupima. Nilikuwa naziona herufi kwenye jalada, na mama akivaa miwani.

Nikaushika mkono wa Glenn. Nyuma yangu mlango wa nje ukafunguka, ukafungwa, na sikugeuka kutazama kama aliyetoka ni dada yangu, au mumewe, au wote wawili.